Mpiga Ngoma Aliyefunga Mdomo

Pale Gurye, chini ya milima ya Jiri, ukimtaja Pyo Jongdeuk watu hawakuulizi ni yupi. Ni yule mpiga ngoma. Na wakitaka kukuelekeza vizuri zaidi watakuambia: yule anayeitikia. Kupiga ngoma wanapiga wengi, hata wavivu wanapiga, lakini kuitikia ni shughuli nyingine.

Kazi yenyewe iko hivi. Mwimbaji anasimama juu ya mkeka, upepeo mkononi, anaimba kisa cha kale kwa saa tatu au nne, peke yake. Yeye ndiye bibi arusi, yeye ndiye hakimu mla rushwa, yeye ndiye punda. Hana wa kumsaidia isipokuwa mtu mmoja aliyekaa pembeni, ngoma ya pipa imelala mbele ya magoti yake. Mtu huyo anashika mapigo. Na mwimbaji akifika mahali pagumu, sauti imepanda mpaka inataka kukatika, mpiga ngoma anamrushia neno. "Ewaa." Au "Hapo hapo." Au "Anajua huyu." Neno moja, katika upenyo wa pumzi moja. Likiwahi, linamkanyaga mwimbaji. Likichelewa, bora lisingekuja. Likija kwa wakati wake, mtu aliyekuwa anazama anapata pa kuweka mguu, anaendelea.

Waimbaji wenye majina yao walitoka Jeonju, Gwangju, hata Seoul, kumfuata Jongdeuk kwa ajili ya hilo neno. Wapo waliosema kwamba akikuitikia yeye, unasahau kuwa koo linauma. Na hakuwa mchoyo. Mwimbaji akiwa dhaifu ndipo alipomwitikia zaidi, kwa sababu, kama alivyosema siku moja akiwa amekunywa pombe ya mchele bakuli tatu, mwenye nguvu anajibeba mwenyewe.

Ajabu ni kwamba nje ya mkeka ungehitaji koleo kumng'oa neno. Dada yake, Malsun, mwenye mgahawa wa supu ya samaki wa matopeni karibu na kituo cha mabasi, alikuwa akisema kwamba Mungu alimpa kaka mtu maneno mia tu ya maisha yote, na yote ameyamalizia kwa watu baki.

Watu baki. Hapo Malsun alikuwa amegusa kidonda, ingawa wakati huo hakuna aliyejua.

Mke wa Jongdeuk alifariki binti yao, Yeoul, akiwa na miaka sita. Mtoto akalelewa na shangazi yake mezani na baba yake mkekani. Kuimba hakufundishwa kwa kulazimishwa. Alikaa pembeni mwa ngoma, akala viazi vitamu, akasikia, na siku moja akaanza. Alipofika miaka kumi na miwili Jongdeuk alikuwa anampandisha mlimani wakati wa likizo, kwenye maporomoko ya maji, wakashindana na kishindo cha maji mpaka sauti ya mtoto ikakauka, ikapotea, ikarudi imekwaruzika kwa namna inayotakiwa. Baba akapiga, mtoto akaimba. Huko mlimani, ambako hapakuwa na mtu, Jongdeuk alimwitikia. Si sana. Lakini alimwitikia.

Mbele ya watu ikawa kesi nyingine. Huko kwao, anayemsifu mwanawe hadharani anahesabiwa juha. Tena juha mwenye jina lake maalumu, na jina hilo likikushika halikutoki mpaka unazikwa. Ukiambiwa mwanao ana akili, unajibu kwamba ni mvivu wa kuoga. Ukiambiwa ni mzuri, unasema hujaona miguu yake. Kila mtu anajua kwamba moyoni unacheka, na kila mtu anaridhika. Ni adabu tu. Ila watoto hawazaliwi wakiijua adabu hiyo, na wengine hawaizoei hata wakizeeka.

Yeoul alipokuwa na miaka kumi na mitatu kulikuwa na mashindano ya watoto kule Namwon, na Jongdeuk ndiye aliyewapigia ngoma washindani wote. Watoto wa watu aliwaitikia. Alimwitikia mtoto mmoja wa Jeonju mwenye mafua mpaka ukumbi mzima ukaanza kumwitikia pamoja naye. Zamu ya Yeoul ilipofika, alikaza mdomo, akapiga ngoma safi kabisa, bila neno hata moja. Asije mtu akasema mzee Pyo anambeba mwanawe.

Yeoul akawa wa pili. Kwenye basi la kurudi akauliza, "Baba, yule wa Jeonju mbona ulimwitikia?"

"Alihitaji."

"Na mimi?"

"Wewe unaimba tu."

Jongdeuk aliamini amempa sifa kubwa kuliko zote alizowahi kutoa. Mtoto asiyehitaji kubebwa. Alitazama nje ya dirisha karibu njia nzima, amejaa furaha mpaka anashindwa kukaa vizuri. Yeoul alitazama mikono yake, na akaelewa kwamba kuimba kwake hakukutosha.

Laiti mmoja wao angegeuza shingo.

Alipotimiza miaka kumi na tisa, Yeoul alisema anakwenda Seoul. Huko kulikuwa na kampuni za muziki mpya, ule unaochezwa na vijana waliopakwa rangi nywele, ule ambao siku hizi watoto wa Brazili na Ufilipino wanauimba kwa lugha wasiyoijua. Jongdeuk alikuwa anakaza kamba za ngoma yake ugani.

"Huko nani atakupigia?" aliuliza.

"Mashine, baba."

"Basi nenda kaimbie mashine."

Ndiyo kauli aliyomsindikizia. Malsun akamfuata binti kituoni na chupa ya supu na soksi za sufu, akirudia njia nzima kwamba baba yako ni jiwe, lakini ni jiwe letu.

Seoul haikumpa Yeoul jukwaa. Waliomsikiliza walisema sauti ni ya ajabu, uso ni wa kawaida, umri umekwenda. Akapewa kazi ambayo wasikilizaji hawajui hata kama ipo. Kampuni ikipata wimbo mpya, kabla nyota hajauimba huimbwa kwanza na mtu mwingine, ili nyota asikilize ajue pa kuvuta pumzi, pa kukwaruza, pa kulia. Nyota akishajifunza, sauti ya mtu yule inafutwa. Yeoul alifanya kazi hiyo miaka kumi na miwili. Wapo watu wanaojaza viwanja vya mpira huko Ulaya ambao kilio chao, kile kinachowafanya mashabiki wazimie, kilitoka kwenye koo la mtoto wa Pyo Jongdeuk. Jina lake halikuandikwa popote.

Alirudi Gurye kila sikukuu ya mavuno. Alisujudu kaburini kwa mama yake, akasaidia kukanda keki za mchele, akalala, akaondoka. Baba alimuuliza amekula. Akajibu amekula. Hakuimba, na Jongdeuk hakumwomba aimbe, ingawa kuna mwaka alitoa ngoma nje akaifuta vumbi asubuhi nzima, vumbi lisilokuwepo.

Kisha mwaka ule, mwezi wa kumi, matunda ya persimoni yakiwa yameiva mpaka yanavunja matawi, Yeoul alikuja bila sikukuu. Alikaa mgahawani kwa shangazi yake, kofia hajavua, akasema kampuni moja ndogo imempa wimbo. Wa kwake. Kwa jina lake. Wimbo wa kisasa, lakini ndani yake ameweka mapigo ya nyumbani, na anataka baba aje Seoul apige.

"Baba mwenyewe huyo hapo jikoni anamenya vitunguu saumu," alisema Malsun. "Una miguu."

"Mwambie wewe, shangazi."

"Nimwambie nini? Ngoma si ziko kwenye mashine, tele?"

Yeoul alichezea kijiko. Sauti yake siku hiyo ilikuwa nzito, na kila akimaliza sentensi alimeza mate kwa shida. "Ngoma ninazo," alisema. "Nataka aniitikie. Mara moja tu, mbele ya watu. Nina miaka thelathini na moja, shangazi, aibu hata kusema."

Kuhusu koo alimwambia Malsun pia, na akamwapisha asimwambie baba. Daktari alikuwa ameona kitu kwenye nyuzi za sauti. Alimtaka anyamaze miezi mitatu, kisha apasuliwe. Yeoul alikuwa amemwomba wiki mbili, arekodi kwanza, kwa sababu kampuni ndogo haisubiri mtu.

Kiapo cha koo Malsun alikitunza. Lile jingine, la kuitikiwa, hakuapishwa, na jioni hiyohiyo alimsimamia kaka yake kama askari.

"Sikiliza wewe. Mtoto hataki ngoma yako. Anataka mdomo wako. Ukienda huko ukakaa kama gogo, usirudi hapa kula supu yangu."

"Amesema yeye?"

"Kwani mimi naongea na mizimu?"

Jongdeuk aliendelea kumenya vitunguu saumu. Lakini siku zilizofuata majirani walimsikia ugani akipiga peke yake, na katikati ya mapigo akisema "Ewaa" kwa sauti ndogo, akirudia tena, kama mtu anayejaribu viatu vya zamani kama bado vinamtosha. Alikuwa na miaka sabini na mbili. Aliamua kwamba akiitwa juha basi na aitwe, umri wa kuogopa umepita.

Nani basi alaumiwe kwa yaliyofuata? Hapana wa kulaumiwa, na hilo ndilo linalokera.

Chumba cha kurekodia kilikuwa chini ya ardhi, kuta zimefunikwa sponji. Jongdeuk aliwekwa chumba kimoja na ngoma yake, Yeoul chumba cha pili, katikati yao kioo. Wote wawili walivaa hedifoni. Yeoul ndiye aliyeshikilia kwamba warekodi pamoja, pumzi kwa pumzi, kama mkekani. Fundi wa sauti aliitwa Guk Taeho, kijana mwenye adabu, aliyemwinamia mzee mara tatu na kumletea mto wa kukalia. Alikuwa amesomea muziki wa kisasa na anaujua vizuri. Alipokuwa anamwekea maikrofoni karibu na ngozi ya ngoma alisema, "Mwalimu, samahani sana kwa hili. Humu vyombo ni vikali mno, vinadaka kila kitu. Naomba mdomo usitoe sauti yoyote."

"Yoyote?"

"Hata pumzi ukiweza, Mwalimu. Ndivyo wimbo ulivyopangwa."

Jongdeuk alimtazama Yeoul kupitia kioo. Alikuwa anasoma karatasi yake, hakusikia kitu. Mzee akawaza hivi: wimbo ni wake, kwa hiyo mpango ni wake. Kama angetaka neno langu angemwambia kijana wake. Malsun amezusha, kama kawaida yake, kutupatanisha. Angeweza kuuliza. Ingemchukua muda mfupi kuliko kukohoa. Lakini mtu wa Gurye akiwa mgeni kwenye nyumba ya kazi ya mtu hasemi "hebu mwiteni mwanangu nimuulize kama ananihitaji." Akaitikia kwa kichwa, akakaa sawa.

Yeoul aliimba. Jongdeuk, aliyesikia waimbaji wakubwa wa nchi nzima kwa miaka hamsini, alijua kabla ya beti ya kwanza kwisha kwamba hajawahi kusikia kitu kama kile. Ilikuwa sauti ya mlimani, ile ya kishindo cha maji, lakini imeongezewa miaka kumi na miwili ya kuimba vilio vya watu wengine. Mwisho wa beti ya kwanza alipanda, akapanda, akafika pale ambapo mwimbaji anaachwa peke yake na Mungu wake, akanyamaza. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko pumzi. Neno lilimpanda Jongdeuk kooni. Akalimeza. Akadhani mtoto amechoka.

Beti ya pili, kimya kingine. Ya tatu, tena. Jongdeuk akauma mdomo wa chini mpaka akaonja damu, akapiga ngoma bila kukosea.

Beti ya nne aliinua macho, akamkuta Yeoul anamtazama kupitia kioo. Amesimama amenyamaza, mkono umenyooka kana kwamba una upepeo, anamtazama yeye. Jongdeuk aliona kwamba akiendelea kutazamana naye neno litamtoka, na ataharibu wimbo wa mwanawe. Akainamisha macho kwenye ngoma.

Yeoul akaona baba yake akiinamisha macho.

Baadaye walikwenda kula tambi za ngano kwenye duka la jirani, wao wawili na Taeho. Watu walikuwa wamejaa, meza zimebanana. Taeho, aliyekuwa bado anatetemeka kwa furaha, alimjazia mzee kikombe kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Mwalimu, binti yako ni kiboko. Nimerekodi watu, lakini huyu ni kiboko."

Na Jongdeuk, kabla hata hajafikiri, kwa ulimi ambao ulikuwa umejibu hivyohivyo kwa miaka sabini, alisema, "Ah, bado sana. Anakwaruza. Wa zamani ndio waliokuwa waimbaji."

Taeho akacheka, maana ndivyo baba anavyotakiwa kujibu. Meza ya pembeni nao wakatabasamu. Yeoul alikuwa anamkatia baba yake figili iliyochachushwa, vipande vidogo, kwa sababu meno yake yalikuwa yameanza kulegea. Aliendelea kukata.

"Kula, baba," alisema. "Tambi zinapoa."

Akampeleka kituoni, akamtafutia kiti cha dirishani, akampa mkoba wa machungwa. Basi lilipoondoka Jongdeuk aligeuka nyuma kumtazama, lakini alikuwa ameshatoa simu na anaangalia kwingine.

Nyuzi za sauti za Yeoul zilipasuka siku nne baada ya hapo, akiwa dukani anaulizia sabuni. Alipasuliwa mwezi wa kumi na mbili. Madaktari walimwambia anyamaze mpaka majira ya kuchipua, akanyamaza. Alipofungua mdomo, kilichotoka kilikuwa mnong'ono, kama mtu anayeongea nyuma ya mlango. Wakamwambia asubiri zaidi. Akasubiri. Sauti haikurudi.

Na wimbo nao, kana kwamba unafanya kusudi, ukapaa. Ulitolewa mwezi wa pili. Mwezi wa nne watu wa Meksiko walikuwa wanajirekodi wakiucheza masokoni, watawa wa nchi gani sijui wakaucheza na majoho yao, wanajeshi wakaucheza kambini. Kuna mwanamuziki mkubwa wa Ulaya aliyesema alisimamisha gari barabarani aliposikia sauti ile. Kampuni ndogo ikawa si ndogo. Kila siku waliombwa Yeoul aje aimbe, na kila siku walijibu kwamba msanii anapumzika. Huko Gurye wauza mboga walimwita Jongdeuk Baba Nyota, wakampa vitunguu vya bure, na yeye akajibu alivyozoea kujibu, kwamba ni kelele tu, zitapita. Malsun alikuwa ameshamweleza habari za koo. Alizipokea amesimama, kisha akaenda kukaa juu ya gunia la chumvi nyuma ya mgahawa, akakaa hapo mchana kutwa, na wateja wakaambiwa leo hakuna kitunguu saumu.

Yeoul alirudi nyumbani mwezi wa kumi na moja, siku za kutengeneza kimchi ya majira ya baridi. Uani kwa Malsun kulikuwa na kabichi themanini zilizolala kwenye chumvi tangu jana yake, mabeseni ya pilipili ya unga na dagaa waliochachushwa, na wanawake watatu wa jirani waliokuja kusaidia, glavu nyekundu mpaka viwikoni. Yeoul alifunga kitambaa kichwani, akachuchumaa kwenye beseni la maji, akasuuza kabichi. Kwa kuwa hakuweza kupaza sauti, alipohitaji kisu alipiga ukingo wa beseni kwa vidole. Jongdeuk alikuwa anabeba mitungi. Kila akisikia vile vidole alisimama.

Ni jirani mmoja aliyeanza, mwanamke wa maneno mengi na moyo mwema. "Mzee Pyo," alisema, "mimi wimbo ule nausikia kila siku kwenye redio, ngoma yako naijua. Ila jamani, wewe wa kunyamaza? Harusi ya mwanangu uliitikia mpaka ukamwitikia mpishi."

Wanawake wakacheka. Malsun hakucheka. Alikuwa amelibana swali hilo mwaka mzima, na sasa mtu mwingine alikuwa amelifungulia mlango. "Ndiyo, atuambie," alisema. "Nilikuambia mtoto anataka nini. Nilikuambia kwa mdomo wangu huu. Mbona ulikaa kama gogo?"

"Nilikatazwa," alisema Jongdeuk.

"Na nani?"

"Yule kijana wa mashine. Alisema hata pumzi." Akaweka mtungi chini. "Si yeye mwenyewe Yeoul ndiye aliyepanga?"

Maji yaliacha kusikika. Yeoul alikuwa ameinuka, kabichi bado mkononi inachuruzika. Alimtazama baba yake, akasema, na wote wakalazimika kusogea ili wasikie, "Mimi sikupanga kitu. Nilikuachia nafasi."

"Nafasi gani?"

"Nne. Kila mwisho wa beti. Nilisimama nikakusubiri."

Jongdeuk alisikia kila neno, na kila neno lilimwingia. Zile nafasi nne alizodhani ni uchovu. Mkono ulionyooka. Alitaka kukaa, lakini hapakuwa na kitu cha kukalia ila mitungi. Badala yake akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Akaingia ndani haraka, akatoka na ngoma, akaiweka kwenye saruji kati ya mabeseni, akapiga magoti kwenye maji ya chumvi.

"Uweke," alimwambia Yeoul. "Wimbo. Uweke kwenye simu. Nitaitikia sasa."

Yeoul alitikisa kichwa.

"Uweke, mwanangu."

Malsun ndiye aliyetoa simu mfukoni mwa aproni, akaifuta pilipili, akauweka wimbo, akainua sauti mpaka mwisho. Sauti ya Yeoul ikajaa ua, ile ya zamani, na mwenyewe akasimama pale anaisikiliza kama anayesikiliza habari za mtu aliyehama. Jongdeuk akashika mapigo mara moja. Beti ya kwanza ikapanda, ikapanda zaidi, ikafika juu kabisa, akafungua mdomo.

"Ewaa..."

Neno likagongana na mstari uliofuata. Hapakuwa na kimya. Wimbo ulishaingia beti ya pili, unakwenda zake.

Tangu siku ile ya Seoul hakuwa ameusikiliza wimbo huo, na akadhani amechelewa, yeye ambaye hakuwahi kuchelewa. Beti ya pili akawahi zaidi, akamkanyaga mwimbaji. Ya tatu akakosa kabisa, fimbo ikagonga ubao badala ya ngozi. Jirani yule mwenye maneno mengi alikuwa ameziba mdomo kwa glavu.

"Walizifunga zile nafasi," alinong'ona Yeoul. Hakusema kwa hasira. "Taeho aliniambia baadaye. Alidhani nilikosea, nilisahau maneno. Akavuta wimbo akaziba mapengo. Alinifichia aibu, aliniambia hivyo."

Beti ya nne ikapita, na wimbo ukaisha. Duniani kote watu waliucheza ukiwa hivyo, umezibwa vizuri, na hapakuwa na upenyo hata wa kuingiza pumzi ya mzee mmoja. Jongdeuk aliweka fimbo chini. Magoti yalikuwa yamelowa.

Akainuka kwa shida. Akasimama mbele ya mwanawe, mbele ya dada yake, mbele ya wanawake watatu ambao kabla ya chakula cha jioni wangekuwa wameshaeneza habari soko zima, akasema kwa sauti ya mkekani, bila kumficha mtu:

"Uliimba vizuri. Siku ile Seoul. Namwon pia, ulipokuwa mtoto. Sijasikia anayeimba kama wewe. Tangu nizaliwe sijasikia."

Hakuna aliyemwita juha. Malsun alikuwa analia waziwazi, pilipili usoni.

Yeoul aliweka kabichi chini. Alivua glavu, kwanza ya kulia, kisha ya kushoto, akaunganisha mikono mbele ya tumbo. Alikuwa amejifunza namna ya kujibu maneno hayo mwaka ule, madukani, hospitalini, kwenye treni, kwa watu waliomtambua na kumshika mkono. Yalimtoka kabla hajajua yanakwenda kwa nani.

"Asante sana," alinong'ona. "Watu wengi wameniambia hivyo."

Akainama kidogo, kwa heshima, kama mtu anavyowainamia wasiomjua. Na Jongdeuk, kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kufanya, akainama kumrudishia.